Kabla Hujavuka Kwenda Musira

Kila likizo ikikaribia, wasomaji huuliza swali lile lile kwa maneno tofauti: "Nitakuwa Bukoba siku mbili, nataka kuliona ziwa kutoka juu ya majabali, nione visiwa na ndege. Nianzie wapi? Na je, ni salama?" Wapo wanaotaka kuongeza Muleba, wapo wanaotaka Bumbire, na wapo wanaotaka hata Rubondo iingie humo humo ndani ya siku mbili.

Nitajibu hapa kwa urefu, hatua kwa hatua. Mengi ya yanayowaharibikia wageni upande huu wa ziwa yanatokana na jambo moja: wanapanga safari kwa saa ya mkononi, wakati ziwa lina saa zake na mwalo una wenyewe. Ukiyaheshimu hayo mawili, safari ya Musira ni rahisi na ni ya bei nafuu. Ukiyapuuza, unaweza kulala kisiwani bila kupenda, au ukapatwa na makubwa zaidi.

Kuna nini cha kuona

Ufukwe wa Bukoba na Muleba haushuki taratibu kama fukwe nyingi za ziwa. Nchi inakuja juu juu, migomba na mibuni imejaa, kisha inakatika ghafla kwenye kuta za mawe ya mchanga. Mawe hayo ni ya kale sana na yanajulikana hata nje ya nchi: wanajiolojia waliyapa jina la Bukoba yenyewe. Kwa mgeni, yamegawanyika hivi:

- Bunena: kilima kilichochomoza ziwani, jirani na mji, chenye parokia kongwe ya Kanisa Katoliki. Huhitaji chombo kufika.
- Musira: kisiwa cha jabali kinachoonekana waziwazi kutoka ufukweni mwa mji. Kina kuta za mawe, majani juu na makazi ya wavuvi chini.
- Ukingo wa Kamachumu, Wilaya ya Muleba: nyanda za juu ambazo kutoka pembeni mwake unaliona ziwa na visiwa vyake kwa mbali.
- Rubondo: hifadhi ya taifa kamili, lakini iko mbali zaidi na inahitaji siku zake.

Mwenye siku moja achague Musira au Bunena kulingana na hali ya ziwa asubuhi hiyo. Mwenye siku mbili aongeze Kamachumu.

Mwezi gani?

Bukoba ni miongoni mwa maeneo yanayopata mvua nyingi zaidi Tanzania, takribani milimita 2,000 kwa mwaka. Aprili ndiyo kilele. Mvua nyingine huja kuanzia Septemba au Oktoba hadi Desemba. Julai ndio mwezi mkavu kuliko yote, ingawa hata Julai usiache koti la mvua.

Ukiniuliza mimi, nitakwambia Januari, Februari au mwishoni mwa Juni. Julai na Agosti njia za juu ya jabali huwa kavu, lakini upepo wa kusini-mashariki hupata nguvu na kuleta mawimbi makubwa upande wetu, na moshi wa majani yanayochomwa hufifisha mandhari. Anayekuja kupiga picha za mbali atasikitika.

Novemba ni mwezi wa mvua, lakini ni mwezi wa senene. Ukija wakati huo usikae ukililia jua. Utakula kitu ambacho watu wa Kagera walioko Dar es Salaam hutumiwa kwa basi.

Na saa ngapi?

Hapa ndipo ushauri wa kawaida wa "wahi asubuhi" unapopotosha watu, kwa hiyo nisikilize vizuri.

Usiku nchi kavu hupoa kuliko maji. Upepo hutoka pande zote kuelekea ziwani, hewa hukutana katikati, na hapo mawingu ya radi hujengeka. Upepo wa mashariki huyasukuma mawingu hayo hadi ufukwe wa magharibi, yaani Bukoba na Muleba. Ndiyo maana hapa mvua hupenda kunyesha usiku wa manane, alfajiri na asubuhi, wakati sehemu nyingine za nchi zimezoea mvua ya alasiri. Mchana mambo hugeuka: upepo huvuma kutoka ziwani na mawimbi huongezeka kadiri jua linavyopanda.

Kwa hiyo fanya hivi:

1. Jioni ya kuamkia safari, angalia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA). Hutoa taarifa za ziwa, zikiwamo za upepo na mawimbi.
2. Alfajiri, simama ufukweni utazame mashariki. Ukiona ukuta mweusi au radi upeo wa macho, usivuke, hata kama juu ya kichwa chako ni kweupe. Dhoruba hiyo inakuja kwako.
3. Miezi ya kiangazi, vuka mapema, kati ya saa moja na saa mbili asubuhi.
4. Miezi ya mvua, subiri dhoruba ya asubuhi ipite na maji yatulie. Isipotulia hadi saa nne au saa tano, nenda Bunena kwa miguu na Musira iwe kesho.
5. Panga kuanza kurudi kabla ya saa nane mchana. Ukiona mawimbi yameanza kuvaa vichwa vyeupe, usisubiri saa hiyo ifike.

Utauliza: "Nimesafiri kilomita 1,400 kutoka Dar, halafu niambiwe nisivuke?" Ndiyo, utaambiwa, na anayekuambia hivyo ni mtu wa kumshukuru. Ndiyo sababu nasisitiza usipange Musira siku yako ya mwisho. Ipange siku ya kwanza, ili kesho ibaki kuwa akiba.

Kupata chombo

Nenda upande wa Nyamukazi, penye mwalo wa wavuvi, uulize chombo cha Musira. Huna haja ya kupiga kelele wala kumfuata kijana wa kwanza anayekushika mkono. Salimia kwanza. Shikamoo kwa wakubwa, na ukiongeza "waitu", neno la heshima la Kihaya, utaona nyuso zinafunguka. Omba kuonana na viongozi wa mwalo. Mialo mingi ina kikundi cha ulinzi shirikishi wa rasilimali za uvuvi, ambacho wavuvi hukiita BMU, na viongozi wake wanajua nani nahodha mzuri na mashine ya nani inazimika katikati ya maji.

Kuna aina mbili za safari. Ya kwanza ni kupanda na wenyeji katika chombo kinachokwenda na mizigo na abiria. Ni rahisi mfukoni lakini kinaondoka kikijaa, na kurudi nacho ni bahati. Ya pili ni kukodi chombo kizima kwenda na kurudi. Kwa mgeni wa siku moja nashauri ya pili. Mkiwa wanne au watano gharama inagawanyika.

Katika mapatano, sema wazi mambo haya kabla ya kukanyaga maji:

- Bei ni ya chombo kizima au ya kichwa?
- Ni kwenda tu, au na kurudi?
- Mafuta yamo ndani ya bei?
- Nahodha atasubiri kisiwani, au atakwenda shughuli zake na kurudi? Akisema atarudi, saa ngapi?
- Hali ikichafuka mkashindwa kuvuka, fedha itakuwaje?

Lipa nusu, nusu nyingine uimalize ukirudi salama. Huo ni utaratibu wa haki kwa pande zote mbili na hakuna nahodha mwaminifu atakayeudhika. Chukua namba yake ya simu, naye mpe yako. Muachie pia mtu wa nchi kavu, hata mhudumu wa nyumba ya wageni, jina la nahodha na saa unayotarajia kurudi.

Jambo moja ambalo wageni hawalifikirii: nahodha wako amelala? Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Kijana aliyekesha ziwani akitega dagaa, akapakua, akaja kukuvusha saa mbili asubuhi, ni mtu aliyechoka. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wengi wa dagaa hupumzika, kwa kuwa taa haziwavuti samaki. Siku hizo vyombo hupatikana kwa urahisi na manahodha wako macho. Ukiweza kupanga safari yako izunguke siku za mbalamwezi, panga.

Kagua kabla ya kupanda

Usione aibu kukagua. Inama uangalie sakafu ya chombo. Maji kidogo chini ni kawaida kwa mtumbwi wa mbao, na utaona kijana akiyachota kwa kopo. Lakini yakichotwa, kaa dakika chache utazame tena. Yakiwa yamerudi kiasi kile kile mkiwa bado mmefungwa ufukweni, tafuta chombo kingine.

Kisha angalia haya:

- Maboya ya kuvaa ni mangapi? Yawe sawa na idadi ya watu, wakiwamo nahodha na msaidizi wake.
- Boya lako lina vifungo vyote? Livae, lifunge, umwambie mwenzako alivute kwa juu mabegani. Likipanda hadi puani, ni kubwa mno kwako na majini litakuvuka.
- Kuna makasia? Mashine ikizima, kasia ndiyo itakayokutoa.
- Ukingo wa chombo uko juu ya maji kiasi gani baada ya watu wote kukaa? Ukiweza kuyagusa maji bila kunyoosha mkono, watu wamezidi.

Mtoto avae boya la mtoto. Boya la mtu mzima kwa mtoto wa miaka mitano ni kama hakuvaa kitu. Kama hamna la kipimo chake, mtoto abaki nchi kavu na mtu mzima mmoja. Bunena itawatosha.

"Mbona wenyeji wanavuka bila maboya?"

Wanavuka, na wengine hawarudi. Sisi wa ziwa hili hatuhitaji kufundishwa hilo kwa mifano ya mbali. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikitokea huku huku kwetu, na mamia ya watu wakafa; hakuna ukoo mkubwa Kagera usiokuwa na jina la mtu aliyepotea siku hiyo. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara. Vyombo vyote viwili vilikuwa vimepakia watu kupita uwezo wake.

Wewe unayesema "najua kuogelea": uliogelea wapi? Bwawa la hoteli halina mawimbi mafupi yanayofuatana bila kukupa nafasi ya kuvuta pumzi. Huku mtu huchoka upesi.

Na huyo mvuvi unayemwona hana boya, mpe heshima yake. Ndege ya abiria ilipoanguka majini jirani na uwanja wa ndege wa Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, wavuvi wa mitumbwi ndio waliofika kwanza kuwaokoa watu. Kati ya waliokuwamo, 19 walifariki na 24 walinusurika. Mtu wa mwalo akikuambia leo ziwa halifai, hapo hakuna mjadala.

Ukishafika Musira

Musira ni makazi ya watu. Wazee husimulia kwamba enzi za Abakama, wafalme wa Wahaya, kilikuwa kisiwa cha kifungo, mahali pa kutupwa waliokosana na utawala. Leo ni kijiji cha wavuvi, na mgeni hushuka katikati ya shughuli zao.

Hatua ya kwanza, kabla ya picha hata moja, ni kwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Mweleze mmetoka wapi, mko wangapi, mnataka kwenda wapi. Kuna ushuru mdogo wa wageni. Lipa, omba stakabadhi, na uandike jina lako kama kuna daftari. Omba kijana wa kuwaonyesha njia na mkubaliane malipo yake hapo hapo mbele ya mwenyekiti. Wapo wanaodai mwongozaji hahitajiki kwa kuwa njia inaonekana. Inaonekana kweli, inapita jirani na nyumba za watu na kanisa la Kiorthodoksi hadi juu. Lakini kijana wa kisiwani anajua ukingo upi una ufa, kaburi liko wapi, na nyumba ipi ina msiba wiki hii. Elfu kadhaa utakazompa ni fedha iliyotumika vizuri.

Mambo ya adabu ambayo wageni huyakosea:

- Dagaa walioanikwa chini ni chakula na ni fedha ya mtu. Usiwaruke, usikanyage pembeni mwao, usipeperushe vumbi. Zunguka.
- Nyavu zilizotandazwa hazikanyagwi.
- Kina mama wanaopakua na kuanika wako kazini. Omba ruhusa kabla ya kuwapiga picha, na ukikataliwa, funga kamera.
- Usigawe pipi wala sarafu kwa watoto. Ukitaka kusaidia, nunua kitu: samaki, chai, soda. Ukiwa na msaada mkubwa zaidi, upeleke kwa mwenyekiti au kwa mwalimu.
- Vaa nguo za heshima. Kaptura fupi mno na kifua wazi viache kwenye fukwe za hoteli.

Juu ya jabali

Njia si ndefu lakini ina mwinuko, na ajali huko juu mara nyingi hutokana na viatu. Ndala hazifai. Vaa viatu vya kamba vyenye soli ya kushika.

Mawe ya mchanga yamepangana kwa matabaka. Yakiwa makavu unatembea kama sakafuni. Yakilowa, ule ukoga wa kijivu na mweusi ulioota juu yake huteleza vibaya sana. Baya zaidi ni ukingo wenyewe: unaliona jiwe pana, zima, linakualika usimame upigwe picha. Tazama nyuma yako. Mara nyingi kuna mstari mwembamba wa nyasi unaokwenda sambamba na ukingo. Nyasi hizo zimeota ndani ya ufa, na jiwe ulilosimama juu yake limeshaachana na kisiwa zamani. Rudi nyuma ya mstari huo. Picha itakuwa nzuri vile vile.

Usipumzike wala kula chini ya ukuta wa jabali. Kagera si mgeni wa matetemeko: tarehe 10 Septemba 2016 mkoa ulitikiswa na tetemeko la ukubwa wa 5.9, watu wakafa na nyumba nyingi zikabomoka. Jiwe lililoning'inia halitoi taarifa kabla ya kuanguka.

Ukifika juu, kaa. Watu hupanda, hupiga picha dakika kumi na kushuka, wakati utamu wenyewe unahitaji utulivu. Mji wote wa Bukoba uko mbele yako, uwanja wa ndege ukiwa umelala kando ya maji. Furukombe hupita chini yako, na ni mara chache maishani kumwona ndege huyo kwa mgongoni. Mnandi hukaa juu ya miamba wametanua mabawa wakijikausha, na miamba wanayoipenda huwa myeupe kwa kinyesi chao. Beba darubini kama unayo.

Mapango: jibu langu ni hapana

Naulizwa sana kuhusu mapango ya ufukwe huu. Kuyatazama kwa nje, sawa. Kuingia penye popo, hapana, na sitabadili neno hili.

Mnamo Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulithibitishwa Wilaya ya Bukoba. Ulitangazwa kumalizika Juni mwaka huo baada ya kuua watu sita. Januari 2025 ulithibitishwa tena mkoani humu, safari hii Biharamulo, na ukatangazwa kumalizika Machi. Virusi vyake hubebwa na popo wala matunda wanaoishi mapangoni. Milipuko yote miwili ilidhibitiwa, na hakuna sababu ya kuogopa kuja Kagera. Sababu ya kukaa mbali na mapango ya popo ipo. Usiingie, usimpeleke mtoto, usiokote popo aliyekufa, usile tunda lililong'atwa. Ukipata homa kali baada ya safari, mwambie daktari ulikuwa wapi.

Kuogelea

Hili nalo halikosekani kwenye maswali. Hatari ziko tatu: kichocho, mamba na kiboko, na mawimbi yenyewe.

Kichocho huletwa na vijidudu vinavyotoka kwenye konokono wa majini na kupenya ngozi kwa dakika chache tu. Konokono hao hupenda maji yaliyotulia yenye matete na magugu, yaani sehemu zile zile zinazomvutia mtu kuingiza miguu. Kujifuta haraka kwa taulo si kinga ya kutegemea. Kama umeingia majini, hata kwa kushuka chombo tu, pima baada ya wiki sita hadi nane. Ukikutwa nacho, dawa ipo na inatibu. Kosa ni kusubiri miaka hadi choo kiwe na damu.

Kuhusu mamba na kiboko, uliza wenyeji wa mwalo husika, kila mwalo kwa habari zake. Usiingie majini jioni wala alfajiri popote.

Bunena kwa asiyetaka kuvuka

Bunena haina jina kubwa, na nadhani inaonewa. Kutoka mjini unafika kwa miguu au bodaboda, unapata upepo wa ziwa, mti wa kivuli na mwonekano mpana wa maji. Ni eneo la kanisa, hivyo piga hodi ofisini kwa parokia, epuka saa za ibada, na usigeuze mahali pa sala kuwa pa muziki na bia. Usiupige picha uwanja wa ndege kwa karibu. Droni usiirushe kabisa bila vibali vya serikali, ikiwamo Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kuirusha jirani na njia ya ndege ni kosa linaloweza kuua.

Muleba: Kamachumu na visiwa vyake

Toka Bukoba kwa barabara ya kusini, pita Kemondo hadi Muhutwe, kisha pandisha kuelekea Kamachumu. Hali ya hewa hubadilika mnapopanda, hivyo sweta lisikae chini ya mizigo. Juu huko migomba inafika hadi kwenye kingo za mwinuko, na njia za miguu hupita katikati ya vibanja vya watu. Kibanja ni nyumbani. Usikate njia katikati ya migomba bila kubisha hodi. Ukibisha, huenda ukaondoka na kahawa ya kutafuna mkononi. Hospitali ya Ndolage iko huko huko Kamachumu na ya Rubya iko wilaya hiyo hiyo. Ni vizuri kujua kabla ya kuhitaji.

Bumbire ni habari nyingine. Ni kisiwa kikubwa chenye watu wengi, na si cha kwenda na kurudi kwa pupa. Usivuke kabla ya kujua chombo cha kurudi kinaondoka lini na kutoka mwalo upi, na uwe umejiandaa kulala. Chandarua ni lazima. Muleba ina historia ya milipuko mikali ya malaria.

Kama unataka hifadhi kamili

Rubondo ni Hifadhi ya Taifa tangu 1977, kilomita za mraba zipatazo 457 ukihesabu na maji yake. Ina nzohe, fisi maji, mamba, kiboko, na sokwe waliotokana na wale walioachiwa huko kati ya 1966 na 1969. Kutoka Bukoba unashuka kwa barabara hadi upande wa Muganza, Wilaya ya Chato, ndipo unavuka kwa boti. Wasiliana na Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA) mapema; malipo hufanywa kwa namba ya kumbukumbu, hakuna kulipa taslimu kiholela. Raia abebe kitambulisho cha taifa, vinginevyo anaweza kutakiwa kulipa kiwango cha mgeni.

Kwa asiyependa maji kuna Burigi-Chato, iliyopandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2019 na inayogusa Muleba. Ina Ziwa Burigi na savana, lakini bila gari imara usihangaike.

Wanaotokea Mwanza sasa wana nafuu: daraja la Kigongo–Busisi lilizinduliwa Juni 2025, na foleni ya kivuko imebaki historia. Meli ya usiku nayo bado ina wapenzi wake, nikiwamo.

Cha kubeba

- Maji ya kutosha kunywa, walau lita mbili kwa mtu. Kisiwani usitegemee duka.
- Mfuko usiopitisha maji wa simu na vitambulisho. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 1 Juni 2019. Tumia wa turubai.
- Noti ndogo ndogo. Kumdai chenji ya elfu kumi muuza chai wa Musira ni kumtesa.
- Kofia yenye kamba, koti la mvua, dawa zako.
- Simu yenye chaji. Namba 114 ni ya Zimamoto na Uokoaji, 112 ni ya polisi.
- Mfuko wa taka. Ulichopeleka, rudi nacho chote, pamoja na chupa.

Pombe kali isiwemo. Konyagi na ukingo wa jabali haviendi pamoja, na nahodha anayenuka pombe usipande naye hata kama umeshalipa.

Mwenye siku moja na ziwa limetulia: Musira. Mwenye siku moja na ziwa limechafuka: Bunena. Mwenye siku mbili: Musira na Kamachumu, kwa mpangilio huo. Rubondo itengee siku tatu, na kama huna, iache hadi utakapozipata.